Vani ya Zamani Inayotangatanga Barabarani: Kuanzia Tairodi Endi Mpaka Alaimenti

Vani ikianza kuyumba, wengi hukimbilia alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Mashine inasoma, fundi anazungusha tairodi (fimbo ya chuma inayolisukuma gurudumu ligeuke), karatasi inatoka na namba zote ziko sawa, na baada ya wiki chache tairi za mbele zinaanza tena kulika. Alaimenti iliyopimwa juu ya viungo vilivyolegea haijapima chochote. Gari likisimama, viungo vimekaa upande mmoja. Likitembea, vinahamia upande mwingine, na zile milimita 2 ulizozitafuta kwa uangalifu zinapotea. Kwa hiyo mpangilio wa kazi hauna mjadala: ondoa mchezo wote (kulegea kwa viungo) kwanza, kisha urefu wa gari na upepo wa matairi, na alaimenti ije mwisho kabisa.

Tuanze na yale unayoyaona na kuyasikia ukiwa kwenye usukani.

Gari linavuta upande mmoja

Hii ndiyo lawama inayobebeshwa tairodi endi, kiungo cha mwishoni mwa tairodi, bila hatia. Tairodi endi iliyochoka hulifanya gari litangetange, yaani liende kushoto kidogo na kulia kidogo, nawe ushinde unalirekebisha. Kuvuta upande mmoja tu, kila wakati, ni jambo jingine. Pima upepo wa matairi kabla hayajapata moto. Kisha endesha kilomita chache bila kukanyaga sana breki, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki ya hapo imeng'ang'ania, na hakuna alaimenti itakayoiachia. Ikiwa joto ni sawa, badilishana tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Gari likianza kuvutia upande wa pili, ubovu uko kwenye tairi lenyewe. Lisipobadilika, ndipo uangalie kamba (camber, namna gurudumu linavyolala ndani au nje likitazamwa kutoka mbele) na kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni), bushi za mikono inayoshika magurudumu, na springi iliyolala upande mmoja.

Gari linatangatanga na usukani una mchezo

Hapa tairodi endi ni mshukiwa halali, ila ana wenzake. Vani nyingi za zamani hazina raki, ile fimbo moja yenye meno inayosukuma magurudumu moja kwa moja. Zina boksi la stelingi (boksi la gia za usukani), mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi hilo, linki ya katikati, mkono wa aidla unaoishikilia linki hiyo upande wa pili, halafu tairodi mbili, kila moja ikiwa na kiungo cha ndani na cha nje. Hivyo ni vituo vingi vya kucheza, na kila kimoja kinaongezea chake. Mchezo mdogo katika viungo vinne unaujaza usukani mchezo mkubwa, ingawa ukikishika kimoja kimoja unaweza kudhani vyote ni vizima.

Tairi zinalika upande

Tairi ni shahidi mzuri kwa anayejua kulisoma. Pitisha kiganja kwenye meno yake kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kukiwa na ulaini upande mmoja na makali yanayokwaruza upande mwingine, tatizo ni tou, yaani namna magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekeana yakitazamwa kutoka juu. Ikiwa kwenda ndani ni laini na kurudi nje kunakwaruza, magurudumu yamefumbana mno kwa mbele: hiyo ni tou-ini kubwa, na bega la nje la tairi ndilo linaloisha haraka. Ikiwa ni kinyume chake, yameachana kwa mbele, ni tou-auti, na bega la ndani linaisha.

Tou haili tairi moja peke yake kwa kawaida. Magurudumu mawili yameunganishwa na hugawana kosa, kwa hiyo utaona dalili pande zote mbili. Tairi moja tu likilika upande mmoja, tena kwa ulaini bila makali, fikiria kamba, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba gurudumu), au mkono uliopinda. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ulikuwa mdogo. Katikati ikiisha, ulizidi. Mashimo mashimo kuzunguka tairi yanatokana na shokapu zilizochoka au balansi.

Usukani unatetemeka

Mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani, tuseme kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha unapungua ukizidisha, mara nyingi ni balansi au rimu iliyopinda. Mtetemo unaoanza baada ya gurudumu kugonga shimo na kukataa kutulia ni wa viungo vilivyolegea. Huo usiuendeshe. Tairodi endi ikitoka kwenye soketi yake, gurudumu linageuka litakavyo na usukani wako haulifikii tena.

Kugonga

Mlio wa "tak" unapogeuza usukani gari likiwa limesimama huelekea kwenye tairodi endi, boljointi au kiungo cha usukani chini ya dashibodi. Mgongano wa kwenye matuta, usukani ukiwa umenyooka, anza na linki za stebilaiza (fito inayozuia gari lisilale kwenye kona) na bushi zake.

Kukikamata kiungo kinachocheza

Watu wengi huinua gari, hushika tairi saa tatu na saa tisa, hutikisa, na hapo hapo hutoa hukumu. Kipimo hicho kina faida: mchezo wa saa tatu na saa tisa unaelekeza kwenye stelingi, na wa saa kumi na mbili na saa sita unaelekeza kwenye boljointi au beringi. Mwambie mtu akanyage breki huku ukitikisa. Mchezo ukitoweka, ni beringi ya habu. Lakini gari likining'inia, viungo havina mzigo, na baadhi yao hujificha.

Kipimo ninachokiamini zaidi hufanyika gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne, injini imezimwa, kufuli la usukani limefunguliwa. Msaidizi autikise usukani kushoto na kulia kwa upana wa vidole viwili tu, taratibu, bila kuacha. Wewe ukiwa chini, kizungushie kiungo kiganja hivi kwamba kidole gumba kiwe juu ya soketi na vidole vingine viguse mkono ambao pini ya kiungo imeingia. Kiungo kizima kinasogea kwa pamoja kama kipande kimoja cha chuma. Kibovu kinakupa mdundo mdogo kati ya gumba na vidole, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata. Gumba huusikia mdundo huo hata pale jicho lisipouona. Anza kwenye boksi, nenda pitimani, linki ya katikati, aidla, tairodi za ndani, umalizie na za nje. Usiishie kwenye kibovu cha kwanza ulichokipata.

Niliwahi kupokea vani iliyokuwa imebadilishwa tairodi endi zote nne na kupimwa alaimenti mara tatu mahali pengine, na bado ilikuwa ikila tairi. Endi zilikuwa mpya na nzuri kabisa. Tulipotikisa usukani, mkono wa aidla ulikuwa unapanda na kushuka kama mdomo wa bata, na linki nzima ya katikati ikifuatana nao. Mwenye gari alikuwa amelipia viungo vinne ambavyo pengine viwili vyake vilikuwa na uhai, na kile kilichokuwa kikimuua hakikuguswa.

Raba ya vumbi iliyochanika nayo ni hukumu, hata kama kiungo hakijaanza kucheza. Grisi imetoka, vumbi na maji vimeingia, na chuma sasa kinasaga chuma. Futa, bonyeza kwa kidole: grisi iliyogeuka kahawia na yenye chembechembe inakuambia muda wake umebaki mfupi.

Kubadilisha

Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini. Weka kabari magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, inua, kisha liweke gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Kwenye gari la zamani adui ni kutu. Siku moja kabla, sugua hesi za tairodi kwa brashi ya waya na unyunyizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye loknati (nati inayoifunga endi isizunguke) au kwenye klempu za bomba la kurekebishia. Rudia asubuhi. Saa moja ya subira hapa huokoa hesi ambazo ukizivunja zitakugharimu tairodi nzima.

Kabla ya kulegeza chochote, pima urefu kutoka katikati ya kichwa cha kiungo hadi mahali maalumu kwenye tairodi, uandike. Hesabu pia mizunguko wakati wa kufungua. Vyote viwili, kwa sababu endi mpya inaweza kuwa na shingo fupi au ndefu kuliko ya zamani, na mizunguko ileile ikakupa urefu tofauti. Urefu ndio wa kuamini. Kumbuka vilevile kuwa tairodi yenye bomba katikati ina hesi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande mwingine. Endi ikikataa kabisa kufunguka, hakikisha kwanza huifungi.

Toa spliti pini (kipini cha waya kinachozuia nati isifunguke), kisha nati. Pini ya kiungo imekaa kwenye tundu la mkono kwa mbano, mwembamba juu mpana chini, na hung'ang'ania kwelikweli. Pula ya boljointi ndiyo njia safi. Usipokuwa nayo, acha nati imeshika kwa hesi chache, kisha gonga ubavu wa jicho la mkono kwa nyundo, huku nyundo nyingine nzito ikiwa imeegemezwa ubavu wa pili. Mshtuko unalibonyeza jicho kwa nukta ya muda na pini inaruka. Usigonge ncha ya pini yenyewe. Itavimba na hesi zitaharibika. Na ile uma ya kutenganishia huchana raba, kwa hiyo itumie tu kwenye kiungo unachokitupa.

Kabla ya kufunga endi mpya, futa tundu la mkono mpaka liwe kavu. Usipake grisi kwenye sehemu ya mbano. Ukavu ndio unaoishikilia pini. Iingize pini kwa mkono uitazame: inapaswa kukaa imara, na nati ibaki na nafasi ya kukaza. Pini ikizama mpaka nati inagusa mwisho wa hesi bila kubana, au ikicheza ndani ya tundu, umepewa endi isiyo ya gari hilo. Usijaribu kuifanya itoshe kwa washa.

Nati ikianza kuzunguka pamoja na pini, weka jeki ndogo chini ya kiungo uisukume juu kidogo. Mbano utashika na nati itakaza. Kaza kwa torki iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Tundu la spliti pini lisipolingana na meno ya nati, kaza mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma hata robo. Spliti pini iwe mpya, na kama nati ni ya kujifunga yenye plastiki ndani, nayo iwe mpya.

Wakati wa kukaza loknati au klempu, shika kichwa cha endi kikae katikati ya mwendo wake. Ukikiacha kimelala upande, kitajibana usukani ukikatwa hadi mwisho, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya usukani kuwa mgumu mara tu baada ya matengenezo. Bolti za klempu nazo zitazame upande ambao hazitagonga fremu wala linki; kata usukani kulia na kushoto hadi mwisho, ukiangalia kwa macho.

Kwa nini kuhesabu mizunguko hakutoshi

Hesabu hii ifanye mwenyewe mara moja, hutaisahau. Chukua hesi inayosogea milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, na mkono wa stelingi wenye urefu wa milimita 130. Mzunguko mmoja wa endi unageuza gurudumu kwa karibu nyuzi 0.66. Kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 600, hiyo ni karibu milimita 7 za tou. Kosa la nusu mzunguko tu linazidi milimita 3, wakati vani nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma huhitaji tou-ini ya milimita chache tu kwa jumla. Na kwenye bomba lenye hesi za pande mbili, kila mzunguko unasogeza ncha zote mbili, kwa hiyo athari ni maradufu. Mizunguko inakufikisha kwenye kipimo bila kula tairi njiani. Haikupi alaimenti.

Kupima tou kwa mkono

Sakafu iwe tambarare. Upepo uwe sahihi, mzigo uwe wa kawaida. Kama gari lina toshenibaa (fito za chuma zinazofanya kazi ya springi) zilizolegea na pua imelala, rudisha urefu kwanza, kwa sababu kubadilisha urefu kunabadilisha tou. Kwa sababu hiyohiyo kamba na kasta hurekebishwa kabla ya tou, kamwe si baada yake.

Njia ya kwanza ni ya chaki. Piga mstari mwembamba katikati ya meno ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu. Pima kutoka mstari hadi mstari. Sukuma gari mbele nusu mzunguko, mistari ije nyuma kwenye urefu uleule, upime tena. Kipimo cha nyuma kutoa cha mbele ndiyo tou-ini. Uzuri wake ni kwamba alama ni zilezile, kwa hiyo rimu iliyopinda haikudanganyi. Sukuma kwenda mbele tu. Ukirudisha nyuma, viungo na bushi vinahama na kipimo kinaharibika. Chesi au boksi la gia likikuzuia kufika kwenye urefu wa kitovu kwa nyuma, shuka chini kidogo, mradi mbele na nyuma iwe urefu mmoja, ukijua kwamba kipimo kitasoma pungufu.

Njia ya pili ni ya kamba ya kufungia, si ile kamba ya mlalo wa gurudumu, nami naipenda kwa vani kwa sababu inaonyesha kila gurudumu peke yake. Funga kamba ubavuni mwa gari, kushoto na kulia, kwenye urefu wa vitovu. Umbali kati ya kamba mbili uwe sawa mbele na nyuma, na umbali wa kutoka kamba hadi kitovu cha gurudumu la nyuma uwe sawa pande zote mbili. Nyoosha usukani na uufunge usisogee. Sasa pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na kamba zaidi, gurudumu hilo lina tou-ini. Kila upande uchukue nusu ya jumla inayotakiwa.

Kuna mtego hapa. Kitabu kikitoa milimita, angalia kimepima wapi. Rimu ya inchi 14 ina kipenyo cha milimita 355.6, kwa hiyo milimita 3 kwenye ukingo wa tairi la milimita 600 ni karibu milimita 1.8 tu ukipima kwenye rimu. Ukiweka 3 kwenye rimu, umeweka karibu 5 kwenye tairi, na mabega ya nje yataanza kuisha.

Kwa kurekebisha: tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha kunaongeza tou-ini. Ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha kunaipunguza. Baada ya kila marekebisho, sukuma gari mbele mita chache, lisimame lenyewe, ndipo upime tena. Kipimo cha gari lililoshushwa tu kutoka kwenye jeki hakina maana, kwani magurudumu bado yamejikunja.

Yanayobaki baada ya kazi

Usukani umekaa upande wakati gari linaenda sawa? Fupisha tairodi moja na urefushe nyingine kwa kiasi kilekile, tou haitabadilika. Usiung'oe usukani na kuurudisha kwa kuruka meno. Boksi la stelingi limetengenezwa liwe na mchezo mdogo kabisa katikati, na ukiung'oa usukani, utakuwa unaendesha kwenye sehemu ambayo si katikati yake.

Usukani haurudi wenyewe baada ya kona? Chunguza kiungo kilichokaa upande, boljointi au kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) kavu, kisha kasta. Matairi yanalia kwenye kona ndogo? Rudia kipimo; huenda tou imekuponyoka. Mchezo umebaki palepale? Rudi chini, msaidizi ashike usukani, uanzie tena kwenye boksi.

Ukishamaliza kurekebisha na kukaza, piga mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya loknati na tairodi, au juu ya klempu na bomba. Baada ya kilomita 100 kaza nati za magurudumu, kisha utazame ile mistari. Ikiwa imeachana hata kwa upana wa unyasi, klempu haikushika. Ikaze, na upime tou upya.